Nachora grafiti, sasa galari wananiita. Naombeni ushauri

MakopoMatupu: Wakuu, poleni na majukumu. Nina miaka minane mtaani na spreya. Nilianzia kuta za uwanja wa basketi, sasa nakula kwa kuchora saluni, gereji na fremu za maduka hapa Dar. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye galari kaona ukuta wangu Kinondoni, anataka kazi kumi za kanvasi. Zikiuzwa, nusu kwa nusu. Shida ni kwamba kanvasi ya mita moja inanifia mkononi. Ukutani natembea, mkono unatokea begani. Pale nakuwa kama naandika barua. Halafu wana wa kijiweni washaanza kuniita msaliti.

Jongoo_Kinondoni: Dogo, hao wana wanakulipia kodi? Basquiat, yule mchoraji wa New York, na mwenzake Al Diaz walikuwa wanaandika SAMO, jina lao la ukutani, kwenye kuta za Manhattan. Walipokosana, Basquiat akaandika kwamba SAMO kafa, akaingia kwenye magalari.

BintiBrashi: Usiubebe ukuta ukaupachika kwenye kanvasi. Ukuta unaonwa na abiria wa daladala sekunde mbili, ndiyo maana herufi zinakuwa nene. Galari mtu anakusogelea mpaka anaona mchirizi. Na nani kasema lazima kanvasi? Basquiat alichora hadi kwenye milango na madirisha ya kuokota. Hapa kwetu mzee Tingatinga, 1968, alitumia haribodi na rangi za baiskeli. Nenda kwa wauza vyuma chakavu. Na ukipuliza chumbani vaa barakoa yenye chujio, kitambaa hakisaidii.

Mnoko255: Grafiti ikishapigwa kiyoyozi bado ni grafiti?

BintiBrashi: @Mnoko255 Keith Haring alichora kwa chaki kwenye stesheni za treni New York huku anauza galari. Alikuja kuacha stesheni kwa sababu watu walikuwa wanabandua michoro wakauze!

MzeeWaRisiti: Nusu kwa nusu ni kawaida. Mimi naulizia mkataba, mbona hujautaja? Humuuzii kazi, unampa akuuzie. Andikeni kila kazi na bei yake, nani analipia usafiri, hela unapata baada ya siku ngapi, zisizouzwa zinarudi lini. Niliwahi kupeleka picha sita mahali, zikarudi nne. Sina hata karatasi, ningemshika nani? Na mnunuzi anachukua picha, hakimiliki inabaki kwako, hilo nalo liandikwe. Fuvu alilochora Basquiat 1982 liliuzwa mnadani 1984 kwa dola 19,000 hivi. 2017 likaenda kwa milioni 110.5. Mwenyewe alishafariki 1988, miaka 27. Kuta zako zipige picha leo, kabla kampuni ya simu haijapaka rangi yake.

MakopoMatupu: Mrejesho wakuu. Mkataba kakubali, tunaandikishana Jumatatu. Chuma chakavu nimepata mlango wa bati wa fremu iliyovunjwa, elfu ishirini na tano. Kuugeuza nyuma, nakuta saini yangu ya 2019. Nimemtumia mama wa galari picha, anauliza kama iko mingine.