Video fupi za hoteli ndogo za Amu na Malindi: nifanyeje zimfae mlaji?

mtoto_wa_Langoni

Assalaam aleikum jamaa. Nataka kuanza video fupi za hoteli ndogo na vibanda vya hapa Amu (mji wa Lamu), baadaye nifike Malindi: mahamri na mbaazi za asubuhi, viazi karai, mishkaki ya jioni, kahawa ya barazani. Simu yangu ni ya kawaida, si ya bei kali. Video nne za majaribio zina kasoro zile zile. Ndani ya hoteli picha ina mistari myeusi inayopanda na kushuka, chakula kinatoka rangi ya kijani-njano, pwani sauti inamezwa na upepo, na kila anayetazama anauliza, "Ni wapi hapo? Ni pesa ngapi?" Tena mama mmoja wa kibanda alikataa kurekodiwa, nikaondoka bila kujua la kusema. Na chakula kikiwa kibaya, niseme au ninyamaze? Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze kinaganaga.

fundi_picha

Wa aleikum salaam. Mistari hiyo si ubovu wa simu, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za mrija pamoja na LED nyingi za bei rahisi hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ingia kwenye mipangilio ya mkono ya kamera (simu isiyo nayo, kuna programu za bure zenye mipangilio hiyo), weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Mwanga ukizidi, shata 1/100. Ukiiacha simu kwenye fremu 30 ijichagulie shata yenyewe, mara nyingi itakwenda 1/60 au 1/120 na mistari itarudi. Simu nyingine zina sehemu ya kuchagua hezi 50 au 60 tu. Chagua 50, inatosha.

Rangi ya kijani-njano inatokana na kuchanganya mianga: mchana unaingia mlangoni, taa inamulika kutoka darini, na simu haijui ifuate upi. Chagua mmoja. Omba meza ya karibu na mlango, kaa mlango ukiwa ubavuni, na taa ya juu ya meza hiyo ikiwezekana izimwe kwa dakika mbili. Kisha gusa sahani kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee, uteremshe mwangaza kidogo. Kipimo chako ni wali wa nazi: ukionekana kama karatasi nyeupe umezidisha mwanga, teremsha mpaka uone punje mojamoja. Tochi ya simu usiiwashe kabisa. Inafanya mafuta yote yang'ae na samaki wa kupaka anaonekana kama amepakwa rangi.

Saa nazo zina maana kubwa Amu. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo jua linashuka hadi chini kwa muda mfupi tu, karibu na saa sita na robo, na hapo linakuwa kali, nusu ya uso nyeupe na nusu nyeusi. Asubuhi na alasiri vichochoro vina mwanga laini wa angani. Hizo ndizo saa zako. Mbele ya bahari ni kinyume: mji unaelekea Manda, mashariki, basi jua la saa moja asubuhi linapiga moja kwa moja kwenye baraza. Kuanzia saa kumi alasiri upande huo uko kivulini na anga ni wazi. Ukitaka sahani ya samaki mezani bila kivuli cha mkono wako, rekodi wakati huo.

Moshi na mvuke vinahitaji kitu kimoja tu: mwanga utoke nyuma yake na nyuma yake pawe na giza. Mishkaki ikiwa juu ya makaa, zunguka mpaka mwanga wa mlango uwe nyuma ya jiko na ukuta wenye kivuli uwe nyuma ya moshi. Ukisimama upande wa mwanga, moshi unapotea wote.

La mwisho, lenzi. Usitumie ile pana kwa karibu, inavuta sahani ikawa kama yai. Tumia lenzi kuu, au ikuze mara mbili ukiwa umbali wa nusu mita. Ifute kwa kitambaa cha pamba kila unapotoka jikoni, maana ukungu wa mafuta ndio unaofanya taa ziwe na mikia. Na ukitoka chumba chenye eyakondishen, ipe simu kama dakika 10 nje kwanza. Joto letu lenye unyevu linaitia ukungu papo hapo.

sikio_la_pwani

Fundi kaipitia picha yote, sauti kaiacha. Upepo ukishaingia kwenye rekodi hautoki: programu za kusafisha zinauondoa pamoja na nusu ya maneno. Kusi likivuma, usizungumze mbele ya bahari. Pale rekodi sauti za chakula tu, maneno yako yasome baadaye nyumbani. Chumba kiwe na godoro, mapazia na nguo. Kuta tupu za mawe na dari za juu zinarudisha mwangwi. Zima feni. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, lakini pembeni kidogo, si mbele kabisa, ili "p" na "b" zisiipige maiki. Ikiwa lazima useme papo hapo, tafuta maiki ndogo ya kubana kolani yenye kofia ya manyoya, na uupe upepo mgongo.

Kabla hujaondoka kwenye kibanda, rekodi sekunde 20 bila kusema wala kusogea: karai, vikombe, watu. Sauti hiyo itandike chini ya video nzima. Bila hiyo, kila unapokata klipu masikio yanasikia kama mlango unafunguliwa na kufungwa.

Redio ya hoteli nayo ni mtego. Taarabu ikisikika vizuri nyuma yako, mitandao inautambua wimbo na kuizima sauti ya video yako, hasa akaunti ikiwa ya biashara. Omba ipunguzwe kwa dakika tano. Adhana ikianza, weka simu chini usubiri. Hiyo ni adabu kwanza, na pia ni kazi: klipu ikikatwa katikati ya adhana, ukataji huo unasikika na mtu yeyote wa hapa na unachukiza. Adhuhuri inaangukia wakati wa chakula cha mchana, basi klipu za jikoni zimalize saa tano. Ijumaa mchana usipange chochote.

Hesabu maneno pia. Maneno yetu ni marefu: sekunde 45 zinabeba maneno 90 hivi. Ukiandika 140 utakimbia, na bei ndiyo itakayomezwa.

bi_Mkomani

Mwanangu, mama aliyekataa amekataa, na jibu lake ni "Ahsante mama, samahani kwa usumbufu," kisha umnunulie kitu ule. Lakini mara nyingi kinachokataliwa ni uso, si chakula. Nenda kwanza bila kutoa simu, kula, lipa. Muamkie, halafu umwambie wazi: "Mama, nina ukurasa wa kuonyesha vyakula vya Amu. Utaniruhusu nirekodi sufuria na mikono yako, uso nisiuonyeshe?" Mikono inayofungua mfuniko wa mbaazi inatosha. Mjie wakati ambao wateja hawamsongi: muuza mahamri ana haraka kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, baada ya hapo atakusikiliza. Mwonyeshe klipu kabla ya kuitoa. Akisema "toa hapo," toa hapo.

Wateja wengine ni jambo la sheria, si adabu peke yake. Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutoa mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Elekeza kamera kwenye meza yako au ukutani, si kwenye ukumbi. Akina mama walioketi nyuma yako hawakuja kuigiza. Mtoto hata akikuchekea, idhini ni ya mzazi. Nambari ya simu iliyoandikwa kwa chaki ukutani ifiche mpaka mwenyewe akuambie iweke.

Ramadhani, video za mtu anayekula mchana ziache. Rekodi alasiri kaimati zikitiwa kwenye shira na viazi karai vikikaangwa, utoe baada ya magharibi.

Sasa hilo la "ni wapi". Hapa hatuelekezani kwa majina ya barabara, tunaelekezana kwa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Anzia pale kila video: ukiipa bahari mgongo ukaitazama ngome, mtaa wa Mkomani uko kuliani, wa Langoni kushotoni. Rekodi klipu ya sekunde tatu ukitoka pale, nyingine kwenye kona ya kuingilia kichochoro, ya tatu mlangoni. Hesabu misikiti au makona, si mita. Na ukirekodi njiani, simama ukutani. Punda mwenye mawe ya jengo mgongoni hakwepi.

mlaji_wa_Malindi

Mpangilio wangu wa sekunde 45, ubadilishe upendavyo. Sekunde 3 za mwanzo ni chakula kikifanya kitu: hamri likipasuliwa, mfuniko wa biriani ukiinuka. Wala si uso wako ukisema karibuni. Maandishi ya jina na bei yawekwe hapo hapo, katikati juu, kwa sababu chini na upande wa kulia vitufe vya programu vinayafunika. Sekunde 8 za njia, kama Bi alivyosema. Sekunde 20 za chakula, klipu tano au sita, kila moja ukiishika bila kutikisika sekunde 5 hata kama utatumia 3. Zilizobaki ni uamuzi, saa za kufungua, na namna ya kulipa. Bei iseme kwa sahani uliyokula: "Mahamri manne, mbaazi bakuli moja, chai moja," na jumla. "Bei nafuu" haimsaidii mtu. Bei itajie na mwezi uliorekodi, maana inapanda na video inabaki.

Lakini picha safi bila kujua chakula ni kazi bure. Hamri lipasue mbele ya kamera: ndani liwe na uwazi, liwe kavu, iliki inukie. Likiwa limejaa unga katikati na vidole vinabaki na mafuta, ama unga haukuumuka au karai lilikuwa halijapata moto. Mbaazi zitazame juu: tui zito hutiwa mwisho kwa moto mdogo, likichemshwa kwa nguvu linakatika, unaona mafuta pembeni na chengachenga nyeupe. Kiazi karai kikate katikati uonyeshe unene wa unga. Ukiwa mnene badala ya kuwa ganda jembamba, unakula unga, si kiazi. Chovya chachandu ya ukwaju peke yake kwanza. Mshkaki uuvute kwenye kijiti: nyama iliyolowekwa vizuri inaachia bila kupigana nawe. Sema hivyo, kwa maneno hayo. "Tamu sana" husikika kwa kila mtu na haisemi kitu.

Chakula kibaya kiseme. Hapa najua wengi watapinga, lakini usipokisema hicho, sifa zako za vingine hazina thamani. Ila nenda mara mbili, nyakati tofauti, kabla ya kutoa video, na sema kinachopimika: "Niliagiza saa saba kasorobo, samaki alifika saa nane, katikati baridi." Usiseme "wachafu", usiseme "waliniumiza tumbo"; hilo huwezi kulithibitisha na linaweza kukufikisha mahakamani. Ukiona hatari ya kweli, mwendee afisa wa afya ya umma wa kaunti.

bi_Mkomani

Mlaji, hapo napingana nawe kidogo. Hoteli yenye wafanyakazi kumi inaweza kubeba video mbaya. Mama mwenye sufuria moja hawezi. Siku tatu bila wateja ni ada ya shule. Huyo mwambie ana kwa ana, na video usiitoe.

mlaji_wa_Malindi

Nakubali kwa mwenye sufuria moja. Kwa hoteli yenye menyu na mhudumu, nabaki niliposema.

mtoto_wa_Langoni

Shukrani sana, na shikamoo Bi. Mawili yamebaki. Mwenye hoteli akikataa pesa yangu baada ya kuona narekodi, nifanyeje? Na mangwe za Malindi, yaani vilabu vya pombe ya mnazi, zinarekodiwaje?

mlaji_wa_Malindi

Lipa kabla ya kutoa simu, swali la kwanza linakwisha. Akisisitiza kukurudishia, andika kwenye video yenyewe, si chini kwenye maelezo: "Chakula hiki nilipewa." Kwa herufi kubwa, sekunde 3.

Mangweni usirekodi mnywaji yeyote, hata akiomba mwenyewe. Aliyekunywa leo anakubali, kesho anajuta. Rekodi asubuhi kabla watu hawajajaa: mgema akishuka na kibuyu, mnazi ukichujwa, povu. Eleza kwamba mnazi wa asubuhi ni mtamu na kila saa inayopita unazidi kuchachuka na kuwa mkali, kwa hiyo taja saa uliyoonja, la sivyo atakayefika jioni atasema ulimdanganya. Na mwelekeze mtazamaji kwa jina la steji, maana dereva wa tuktuk anajua steji kuliko jina la mangwe.

bi_Mkomani

Marahaba mwanangu. Ukimaliza ile ya kwanza, mpelekee nakala mama aliyekataa, aione. Usimwombe kitu, mwonyeshe tu ilivyokuwa.