Msaada: vyanzo vya bure vya Bayolojia vinavyogusa viumbe wa huku kwetu

MwlMlimani:
Habari za majukumu wakuu. Nafundisha Bayolojia sekondari ya kata huku Muheza, njia ya kupanda Amani. Mada inayonitoa jasho ni uainishaji wa viumbe. Mifano niliyo nayo ni dubu wa barafu na msonobari, na nje ya dirisha kuna msitu ambao watu wanapanda ndege kuja kuuona. Wanafunzi wananiletea kinyonga, jongoo, maua ya porini: "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Nikitafuta mtandaoni kwa Kiswahili naambulia picha za urembo na makala zilizonakiliwa kutoka kwa mwenzake.

Nina kompyuta mpakato, projekta ya kuazima, simu yangu, na bando ninalonunua mwenyewe. Shule haina intaneti. Nielekezeni vyanzo vya bure na vya kuaminika. Naomba kuwasilisha.

Chonjo2:
Mkuu unaishi Amani halafu unauliza viumbe viko wapi? 😂 Sisi wa Kinondoni tuna mende tu. Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

Bi_Mizizi:
Mwalimu, anza na Seek. Ni programu ya simu, imetoka kwa watu wa iNaturalist. Haidai akaunti, na ukishaipakua inatambua kiumbe kwa kamera hata pasipo mtandao. Ikishindwa kufika kwenye spishi hukuachia familia au oda, na kwa somo lako hiyo ndiyo faida yenyewe, maana mtoto anaona ngazi za uainishaji zikijazwa moja moja mbele yake.

iNaturalist yenyewe itumie wewe. Unaweka picha, watu wanaojua kundi hilo wanakuja kukusahihisha. Akaunti yake ni kwa wenye miaka 13 na zaidi, kwa hiyo usiwafungulie madogo wa kidato cha kwanza kiholela. Na picha ikipigwa shuleni, ficha mahali ilipopigwa.

DataMtu:
Siku hizi yote hayo ya nini? Muulize akili mnemba, anakujibu kwa Kiswahili safi.

Mtafiti_Mstaafu:
DataMtu, anakujibu safi hata asipojua, hapo ndipo penye shida. Nimeshaonyeshwa mmea wa Pwani uliopewa jina la kisayansi ambalo halipo popote duniani. Mtumie akueleze usanisinuru, sawa. Jina la spishi lihakiki kwingine.

Mwalimu, nikupe ufunguo mmoja: ukishapata jina la kisayansi, acha kutafuta kwa maneno ya kawaida. Liandike GBIF, hazina ya kumbukumbu za viumbe iliyoanzishwa 2001, makao yake Copenhagen. Inakuonyesha kwenye ramani mahali kiumbe kilipowahi kurekodiwa na nani alirekodi. Kwa mimea nenda Plants of the World Online ya bustani ya Kew, Uingereza. Humo wameingiza maelezo kutoka kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichokamilika 2012, spishi zaidi ya 12,000. Kwa samaki ni FishBase, na huko ndiko utakuta hata majina ya Kiswahili.

Jaribu na ua lenu maarufu, lile Wazungu wanaloita African violet. Ukiandika Saintpaulia ionantha, Kew watakupeleka Streptocarpus ionanthus, kwa sababu uchunguzi wa vinasaba ulionyesha Saintpaulia imo ndani ya jenasi ile nyingine, na 2015 zikaunganishwa. Kipindi kizima hicho: kwa nini wanasayansi hubadili majina? Na ua linaota jirani na shule yako.

Wangari_wa_Ndege:
Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Sampuli kavu za mimea zilizokusanywa Amani tangu enzi za Mjerumani zilihamishiwa huku 1950, ndizo chimbuko la hebaria ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mimea yenu tumeitunza, msituone wabaya 😀

Mimi ni wa ndege. Ingia xeno-canto, tafuta ndege kwa jina, sikiliza, pakua sauti uweke kwenye simu. Wachezeshe wanafunzi sauti mbili tatu asubuhi, kisha watoke nje wakatafute mwenye sauti. Hamtahitaji projekta.

FundiKompyuta_TA:
Suala la bando ndilo limepitwa haraka hapo juu. Mwalimu, shuka mjini siku moja penye intaneti nzuri, pakua hivi:

Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, halafu mafaili yake ya Wikipedia. Usichukue Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha, inazidi GB 100. Kuna mafurushi ya mada na kuna yasiyo na picha.

PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Chukua ile ya uteuzi wa asili: sungura weupe na wa kahawia, unaleta mbwa mwitu, unaona nani anabaki. Ukishaipakua haihitaji mtandao.

OpenStax, kitabu cha Concepts of Biology, PDF bure. Na vitabu vya kiada viko Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania).

Bi_Mizizi:
Ongeza HHMI BioInteractive, tovuti ya bure ya masomo ya Bayolojia, hasa somo la tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Vita vya 1977 hadi 1992 viliua tembo wengi kwa ajili ya pembe, na majike wasio na pembe wakapanda kutoka asilimia 18.5 hadi 50.9. Utafiti wake ulichapishwa 2021. Mageuzi kwa macho, tena kwa jirani yetu.

MwlMlimani:
Wakuu nashukuru mno, nimeshaipakua Seek na kinyonga wa jana kapata jenasi. Mawili: nyoka naye apigwe picha? Na hiyo Kiwix, nina kompyuta moja na wanafunzi zaidi ya 50, inasaidiaje?

Mtafiti_Mstaafu:
Nyoka hapana. Programu ikikosea kati ya kifutu na asiye na sumu, gharama anailipa mtoto. Waambie kabisa: nyoka haokotwi, hasogelewi, hata aliyekufa. Uyoga vilevile, programu isiwe ruhusa ya kula.

FundiKompyuta_TA:
Kiwix ya Android ina sehemu ya kugawa vitabu. Simu yako inawasha hotspot, wenye simu au tableti wanaunganisha na kusoma kwenye kivinjari chao. Ukizima data, bando halitumiki hata kidogo, yote yanatoka kwenye simu yako. Usitegemee simu moja ibebe 50 kwa mpigo, wagawe makundi. Na uichaji kabla ya kipindi, kazi hiyo inamaliza betri.