CG125, DT175 au XL250S: ipi ya zamani inafaa Thika Road kila siku?

NyotaYaJuja

Hamjambo wadau. Naishi Juja, kazini ni Ngara mjini Nairobi, njia ni Thika Road, na foleni za kungojea matatu zimenichosha. Natafuta pikipiki ya zamani isiyozidi cc 250, ya kunipeleka na kunirudisha Jumatatu hadi Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Asubuhi natoka kungali giza, jioni narudi giza limeshaingia. Baba alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani na Honda ya idara ndiyo iliyonitia mapenzi haya, kwa hivyo naomba msinitume dukani kuchukua Boxer mpya. Ni chombo cha kazi, najua, ila si ninachotafuta.

Nimeonyeshwa tatu. Kuna Honda CG125 ya miaka ya 80, iko Ruiru, injini kavu haivuji, rangi imechakaa. Kuna Yamaha DT175 iliyonunuliwa kwenye mnada miaka mingi iliyopita, inavuta vizuri. Ya tatu ni Honda XL250S ya 1979, na kwa macho hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 2. Leseni ya A2 ninayo. Nichukue ipi?

SpanaKumi

CG125, dada yangu. Honda waliitoa 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki ni ya kazi, oili hucheleweshwa kubadilishwa na vumbi ni la kila siku. Ndiyo maana kamshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu, hawakuiweka juu kwenye kichwa cha injini. Iko chini, na valvu zinasukumwa na vijiti, kwa hivyo hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Unafungua kifuniko, unapitisha fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi ya valvu), unakaza nati, basi.

Na jambo kubwa ni spea. Nduthi nyingi za Kichina unazoziona stejini zina injini iliyoigwa kutoka kwa hiyo hiyo CG. Pistoni, ringi, sahani za klachi, kebo, vyote utavipata Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya spea mjini, asubuhi moja. Nenda na kipande cha zamani mkononi kipimwe pale kaunta, kwa sababu nakala hazilingani zote. Lakini hutalala njaa ya spea. Mafuta nayo inakunywa kidogo mno.

MlimaLimuru

SpanaKumi, kwa spea sina neno. Kwa barabara, hapana.

CG hutoa takriban nguvu za farasi 11, na hizo ni za usawa wa bahari. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700. Dada atabaki na farasi 9 na kidogo, amebeba begi, amevaa koti la mvua linalokamata upepo. Thika Road inaonekana tambarare ukiwa ndani ya basi, lakini kila penye mto barabara inashuka na kupanda. Hapo kwenye kupanda, CG iliyokuwa kwenye 85 inateremka hadi 70 na nyuma yako kuna basi la kwenda Meru ambalo halijapunguza hata kidogo. Hatari ya barabara kuu iko hapo. Kasi ya juu ya pikipiki hainishughulishi. Nauliza hivi: ukiwa kwenye 80, mlimani, je, kuna kitu kimebaki kwenye mkono wa kulia? Kama umeshazungusha hadi mwisho, huna njia ya kujitoa.

Boda_Mstaafu

Pia taa. CG za mwanzo ni volti 6. Zile za baadaye zikaja na 12. Angalia hiyo ya Ruiru ni ipi kabla hujaongea bei, kwa sababu unasema unatembea gizani asubuhi na jioni. Taa ya volti 6 injini ikiwa mwendo wa chini inakuwa ya manjano tu, huoni shimo, na mbaya zaidi, wewe huonekani.

SpanaKumi

Taa inarekebishika. Kuna mafundi wa kusuka koili upya, unabadilisha na regyuleta, unaweka betri ya 12. Kazi ya siku moja kwa anayeijua.

Kuhusu nguvu, Mlima umesema kweli kwa mtu anayetaka leni za katikati. Lakini Thika Road ina barabara za huduma pembeni karibu njia nzima. Akikaa huko kwa 60, CG inamtosha.

MlimaLimuru

Barabara za huduma saa kumi na mbili asubuhi, Githurai hadi Roysambu, unazijua wewe mwenyewe. Matatu zinasimama popote, mikokoteni, watu wanavuka. Mimi huko naona ajali nyingi za mwendo mdogo kuliko juu. Na swali lake lilikuwa la barabara kuu.

KitengelaMapema

Naingia kutoka upande wa Mombasa Road, ambako natembea kila siku ya kazi. Sisi wa pikipiki haturuhusiwi kupanda Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, tangu ifunguliwe 2022, kwa hiyo tunabaki chini pamoja na malori. Kitu ambacho hakijasemwa ni uzito. CG ina karibu kilo 100. Lori la makontena likikupita, kwanza linakusukuma kando, halafu likishapita linakuvuta kuelekea kwake. Kwenye pikipiki nyepesi yenye tairi jembamba unalisikia hilo mabegani. Hulegezi mikono na hukazi sana pia. Unaikumbatia tangi kwa magoti na kuacha usukani ucheze kidogo.

Thika Road malori si mengi kama kwetu, lakini yapo. Ningeenda kwa 250.

NyotaYaJuja

Asanteni sana, nimesoma kila kitu. Kwa hiyo DT175 na XL250S? DT ina nguvu, nimeipanda hadi Kenyatta Road na kurudi, inaruka.

MlimaLimuru

Inaruka kwa sababu ni tu-stroki, injini inayochoma oili pamoja na petroli. Nimekuwa nayo, naipenda, na bado nakwambia uiache kwa kazi hii.

Sikia inavyofanya kazi. DT ina tangi dogo la oili pembeni, na pampu inayopeleka oili kwenye injini kulingana na mzunguko wa injini na jinsi ulivyofungua mafuta. Ukiwa umefungua, oili inakwenda kwa wingi. Sasa mimi nashuka kutoka Limuru hadi Kangemi. Nikifunga mafuta kabisa kwenye mteremko mrefu nikiwa kwenye 90, pistoni bado inakimbia lakini oili inayofika ni ya kudondoka. Tu-stroki za namna hiyo hukwama hivyo: gurudumu la nyuma linafunga ghafla, na kama kidole hakiko kwenye klachi, unalala chini. Ndiyo maana vidole vyangu viwili havibanduki kwenye klachi nikiwa juu ya DT, na kwenye mteremko nafungua mafuta kidogo kila baada ya muda ili oili ipite. Njia yako haina mteremko kama wa Limuru, ila tabia ni hiyo hiyo ukiachia mafuta kwa muda mrefu kwenye mwendo. Ukitaka pikipiki ya Jumapili, DT ni raha tupu. Kwa mtu anayewaza kazi saa kumi na mbili asubuhi, haifai.

Halafu mafuta. Kwenye lami kwa mwendo wa juu inakunywa karibu mara mbili ya CG, na oili juu yake.

Mjukuu_wa_Bantam

Mbona hakuna aliyetaja za Kiingereza? BSA Bantam, Triumph Tiger Cub, hizo ndizo pikipiki za kale hasa.

SpanaKumi

Kaka, Bantam ya mwisho ilitoka 1971, Tiger Cub iliisha 1968. Spea unaagiza Uingereza na kungoja. Za maonyesho, sawa. Huyu dada anataka kufika Ngara saa mbili kasoro.

Boda_Mstaafu

XL250S nayo, kabla hujaipenda zaidi, pima tairi la mbele. Usiangalie tu, soma namba ubavuni. Kama ni ile ya kiwandani, utaona 3.00-23. Inchi ishirini na tatu. Honda waliweka gurudumu hilo kubwa kwenye XL250S na XL500S za miaka ile, na XL250R ya miaka ya 80 ikarudi kwenye 21. Tairi la 21 utalipata, ni la pikipiki za vumbi. La 23 sijawahi kuliona likining'inia kwenye duka lolote hapa mjini. Uliza huyo mwenye pikipiki lile lililo juu lilinunuliwa lini. Mpira ukishakuwa mgumu unang'aa, na kwenye lami yenye mvua ya kwanza, ile yenye mafuta ya magari juu, hautakushika.

KitengelaMapema

Hilo mimi sikuwa nalijua. Haiwezekani kubadilisha rimu?

Boda_Mstaafu

Inawezekana. Habu inabaki, unatafuta rimu ya 21 yenye mashimo 36, unakata spoki upya na fundi wa spoki anaisuka. Mbele itashuka kidogo na usukani utakuwa mwepesi zaidi kugeuka, lakini itatembea. Baada ya hapo bado ni volti 6, bado haina stata ya umeme, breki zote mbili ni za dramu. Na kiti chake kinakaribia sentimita 85 kutoka chini. Kwa futi 5 na inchi 2, Nyota, utasimama kwenye ncha ya kidole kila taa nyekundu ya Pangani. Ukiizimisha pale kwenye mteremko, ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, utaipigaje kiki?

NyotaYaJuja

Hilo la kiti limenigusa. Nilipoikalia nilijiambia nitazoea. Mwenye nayo anasema tairi ni "ya tangu zamani". Basi zote tatu zimekwisha?

MlimaLimuru

Kati ya hizo tatu ningechukua CG yenye volti 12 na kukaa kushoto. Lakini tafuta ya nne. Tafuta Suzuki GN250.

Suzuki waliianza 1982. Silinda moja, takriban farasi 22. Piga hesabu ile ile ya mwinuko, unabaki na 18 hivi, mara mbili ya CG. Volti 12, stata ya umeme, diski mbele, na kiti kiko chini kabisa, miguu yako yote itagusa lami. Kwa 90 injini inatembea bila kulia. Haina jina kubwa kama XL na watu hawaipigi picha, lakini naiona kuwa ndiyo pikipiki ya kale yenye akili kuliko zote kwa mtu wa barabara kuu.

Ubaya wake nao usikie. Spea za injini si za Kirinyaga Road kama CG, utaagiza. Tairi la nyuma ni inchi 16, pana, utazunguka kidogo. Na kabureta yake ina utando wa mpira unaoinua sindano ya mafuta. Ukizeeka unapasuka, na dalili ni moja: inawaka vizuri, inatulia vizuri, halafu ukifungua mafuta inakataa kupanda mwendo. Fungua kifuniko cha juu cha kabureta, uinue utando taratibu kuelekea kwenye mwanga. Tundu la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kuharibu safari.

SpanaKumi

GN250 siipingi, ni chombo. Hofu yangu ni moja tu: siku imekufa silinda, nduthi inakaa kwa banda miezi ikingoja kifurushi. Ukiichukua, agiza mapema gasketi za juu, utando wa kabureta, kebo ya klachi na pedi za breki, viwe nyumbani kabla havijahitajika. Na jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, iangaliwe. Kwa mwinuko wetu mchanganyiko unakuwa mzito, ukichomoa plagi unaikuta nyeusi ya masizi. Jeti ndogo kidogo na plagi inageuka rangi ya udongo. Hata CG ungefanya hivyo.

NyotaYaJuja

Wadau, mtu amenitumia picha. GN250 iko Ruaka, bado ina namba za usajili kama za gari, za kabla pikipiki hazijapewa namba zake zinazoanza na KM. Kitabu cha umiliki anasema kipo. Naenda Jumamosi.

KitengelaMapema

Kabla ya nauli, tafuta kumbukumbu zake kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Jina lililo kwenye kitabu liwe la huyo anayeuza, la sivyo mwenye jina aje mwenyewe. Za zamani nyingi zimepita mikono mitatu bila kuhamishwa, na marehemu hawezi kukubali uhamisho mtandaoni. Namba ya fremu isome kwa kidole kama imepakwa rangi, ya injini pia.

Boda_Mstaafu

Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini ukifika, iwe baridi. Ikiwa ya moto kuna anachokificha.

MlimaLimuru

Na uipande kwenye mlima wa kweli. Kutoka Ruaka elekea Banana, gia ya nne, kwenye 60, fungua mafuta yote uone kama inaongeza. Niko karibu na Banana, Jumamosi asubuhi nina nafasi. Nikija nitakuja na fila, ufunguo wa plagi na utando mmoja wa kabureta wa akiba. Niandikie saa ngapi.

NyotaYaJuja

Saa tatu, kituo cha mafuta cha kwanza ukitoka Ruaka. Nitavaa koti la kuakisi la kijani.