Pikipiki imepatikana kabla mtuhumiwa hajaonywa: inapokelewa mahakamani?

Msomi wa Kiusa: Wadau, shauri ni la wizi wa pikipiki, Mahakama ya Wilaya Moshi. Mtuhumiwa kakamatwa, ndani ya gari askari wakamuuliza "iko wapi?" bila onyo (kwamba halazimiki kusema lolote). Akawapeleka Pasua, ikatolewa bandani. Maelezo ya onyo, yaani maelezo yake polisi baada ya kuonywa, yameandikwa kesho yake. Hayo naona yataanguka. Pikipiki je? Marekani nasikia inapita.

Kielelezo P1: Kwa Marekani ni kweli. Kesi ya Patane, 2004: maneno yasiyo na onyo la Miranda (onyo la polisi wa kule) hayatumiki kuthibitisha kosa, ila bastola iliyopatikana kwa maneno hayo ilipokelewa, maadamu yalitoka kwa hiari. Hapa usianzie huko, mkuu. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamkataza askari kumuuliza aliye chini ya ulinzi, *au kumtaka afanye jambo lolote* la upelelezi, kabla ya onyo. "Tupeleke" imo humo humo. Ila ukiukwaji hauui kielelezo wenyewe. Unakupa pingamizi la kifungu cha 169. Hapo mzigo ni wa Jamhuri, upande wa mashtaka: ionyeshe kwamba kukipokea kuna manufaa mahsusi kwa umma bila kuumiza haki za mtu isivyostahili. Hakimu atapima uzito wa kosa, uzito wa ukiukwaji, na kama mali ingeweza kupatikana kihalali. Namba hizi ni za toleo la 2022, zilinganishe na la 2023.

Mzee wa Majengo: Jamhuri itakujibu kwa kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushahidi. Kinaingiza maneno yanayohusu ugunduzi wenyewe tu. "Iko bandani Pasua" yanaingia. "Ile niliyoiba" pinga. Na kwa maelezo ya kesho yake, usikimbilie kusema saa 4 (ukomo wa kumhoji tangu akamatwe) zimepita: muda wa kumpeleka Pasua hauhesabiwi, na kifungu cha 51 cha Sheria ya Mwenendo kinaruhusu nyongeza. Uliza iliombwa lini, kabla au baada ya muda kwisha.

Kielelezo P1: Pingamizi litoe pale shahidi anapoomba kuitoa pikipiki, si kwenye majumuisho (hoja za mwisho), wengi hupotezea hapo. Kubishania mnyororo wa utunzaji (nani alikishika kielelezo na lini) kwa pikipiki ni hoja dhaifu, maana si kitu cha kubadilishwa kirahisi kama kete za bangi. Banana na hati ya ukamataji mali: nani mwenye banda, kasaini? Shahidi huru yupo? Namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi? Saa iliyoandikwa iko kabla ya saa ya kukamatwa? Na hati hiyo ikipokelewa bila kusomwa kwa sauti, kwenye rufaa iombee ifutwe.