Kipaka wa ngazini, paka mzima wa kulea, au Mwajemi? Nisaidieni kuchagua

BintiTudor
Assalaam aleykum wana jukwaa. Kwangu kumekuwa bunge. Twakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, na tangu jirani wa chini aanze kuweka magunia ya mchele stoo, panya hawatulazi. Paka tumekubaliana sote. Paka gani, hapo ndipo penye kesi.

Mavyaa ataka kipaka aliyezaliwa chini ya ngazi yetu: dume, rangi tatu, wiki sita hivi, bure kabisa. Mume wangu ameonyeshwa picha ya Mwajemi, yule wa manyoya marefu na uso uliobonyea, muuzaji ataka shilingi 30,000. Mimi nimeona jike mzima kwa dada mmoja wa Nyali anayeokota paka na kuwatibu. Ana miaka mitatu hivi, ameshafungwa kizazi, ncha ya sikio la kushoto imekatwa, na jicho moja lina ukungu. Nilikaa kwake saa nzima, paka akaja akalalia mkoba wangu.

Mavyaa asema paka mkubwa hafundishiki na huja na mikosi ya alikotoka. Isitoshe nina mimba ya miezi minne, na mashangazi wameshaanza kuniambia paka huharibu mimba. Nifanyeje?

Kibwana_wa_Shela
Mavyaa wako ana hoja. Mtoto wa paka ukimlea mwenyewe anakujua mkono. Mimi nilitwaa shume mzima gatini, nikamlisha samaki wiki moja ndani, siku ya nane nikamfungulia mlango atembee. Mpaka leo yuko gatini, tukikutana ananiangalia kama mtu tunayedaiana.

Neema_Moro
Kaka Kibwana, wiki moja? Hata mpangaji mpya huwa hajafungua mizigo yote.

Mimi nitasema yaliyonipata na huyo wa bure. Nilimwokota sokoni hapa Morogoro, mdogo, macho makubwa, nikaona nimepata. Siku ya nne akaanza kutapika, siku ya tano kuhara damu, siku ya sita nikamzika. Dawa na dripu zilinigharimu kuliko godoro langu. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Simkatazi mtu, ila msihesabu "bure" kabla hamjaenda kwa daktari.

FundiHamadi
Mimi ni fundi bomba, naingia jikoni za watu kila siku. Nimeshuhudia paka na panya buku wakipishana koridoni, kila mtu na hamsini zake. Paka atakusaidia kwa vipanya vidogo na harufu yake huwatia wasiwasi, lakini tundu lisipozibwa ni kazi bure. Angalia bomba linapopita ukutani chini ya sinki, sokomeza steelwire ya kusugulia sufuria, kisha saruji juu. Ongea na jirani aweke mchele kwenye mapipa yenye vifuniko.

DaktariNyau
Nimesoma yote. Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisomea Kabete miaka mitano: ng'ombe, ng'ombe, mbuzi, kuku, ng'ombe tena. Paka alipita kama tangazo katikati ya taarifa ya habari. Leo hapa mjini wagonjwa wangu wengi ni paka, na mikono yangu imejaa michoro kama bi harusi aliyepakwa hina na mtu mwenye hasira.

BintiTudor, huyo "dume" wa rangi tatu mtazame tena chini ya mkia. Rangi ya chungwa kwa paka hubebwa kwenye kromosomu X. Ili chungwa na nyeusi zikae kwenye ngozi moja zahitajika X mbili, na dume kwa kawaida ana moja tu, ndiyo maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Jike huweza kuingia joto akiwa na miezi minne tu, na mimba yake ni siku 63 hadi 65. Piga hesabu mwenyewe: usipowahi kumfunga kizazi, wewe na yeye mwaweza kujifungua mwezi mmoja.

Kipaka wa wiki sita pia ana safari ndefu. Chanjo yake hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, na minyoo katikati. Neema, pole sana. Dalili ulizozitaja zafanana na panlukopenia, ugonjwa wa kirusi unaoua vipaka upesi. Kirusi chake hukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima, kwa hiyo usilete kipaka mwingine asiyechanjwa hapo.

Uzuri wa paka mzima ni kwamba unamwona alivyo. Ukali, upole, anavyopenda watu au kuwakimbia, yote yako mezani. Kwa kipaka wabahatisha. Hiyo ncha ya sikio hukatwa akiwa kwenye usingizi wa operesheni, ili anayewakamata paka wa mtaani asimkamate mara ya pili bure. Ukungu wa jicho mara nyingi ni kovu la mafua ya utotoni, lakini nataka niuone mwenyewe. Kabla ya kumchukua, dai kadi ya chanjo na kipimo cha damu cha virusi viwili: ukimwi wa paka na lukemia ya paka. Matone machache ya damu, majibu hapo hapo. Na msiogope, ukimwi wa paka haumshiki binadamu.

Abu_Said_Muscat
Salaam kutoka Muscat. Ndugu mume, nimemiliki Mwajemi miaka tisa, nisikilize. Mimi nilimuweka kwenye kiyoyozi mchana na usiku, na bado kiangazi alikuwa anahema kama mzee aliyepanda ngazi. Kumchana ni kila siku, ukiruka siku mbili manyoya yanasokotana kama kamba. Macho yanatoka machozi daima kwa sababu uso umebonyea na njia ya machozi imepinda. Mwisho figo zikamtoa. Daktari alimpiga picha, figo zimejaa vifuko vya maji, akasema ni urithi, mzazi mmoja tu akiwa nao anatosha kumpa mtoto. Siku hizi kuna kipimo cha jeni. Muulize huyo muuzaji majibu ya wazazi, kisha utazame atakavyobadilisha mazungumzo.

Na panya? Panya wangemchana nywele yule.

Kuhusu mikosi ya mavyaa, mkumbushe kwa adabu kwamba Abu Huraira maana yake ni baba wa kipaka, na hadithi inayosema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, yajulikana.

BintiTudor
Shukran sana ami. Mume wangu amesoma, amenyamaza. Daktari, hujanijibu la mimba.

DaktariNyau
Nililiacha makusudi ili nilijibu peke yake, maana kila mwezi naletewa paka wa "kutupwa" kwa sababu hiyo.

Kijidudu kipo, chaitwa toksoplasma, na kwa mjamzito si jambo la mzaha. Lakini tazama kinavyosafiri. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na kwa kawaida hukitoa kwenye kinyesi wiki moja hadi tatu, mara ya kwanza anapoambukizwa. Wanaokitoa zaidi ni paka wadogo walioanza kuwinda juzi. Kwa hiyo katika hao watatu, aliye na uwezekano mkubwa zaidi kwako ni huyo wa ngazini anayependwa na mavyaa, wala si jike la Nyali.

Tena kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, kijidudu huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Beseni la mchanga likisafishwa kila siku, na mume ndiye akalisafisha, njia hiyo mmeifunga. Usimpe nyama mbichi. Na mwambie shangazi kwamba mishikaki isiyoiva na mboga zisizooshwa huwaambukiza wajawazito kuliko paka anayelala kwenye kochi. Kliniki ukienda, omba wakupime damu.

Sasa kwa kuwa huyu atawinda: msiweke sumu ya panya nyumbani, paka akila panya aliyekula sumu naye huumia. Akiumwa, Panadol ni marufuku. Kidonge kimoja chatosha kumuua, ini lake haliwezi kuivunja. Na akikugwara au kukung'ata paka yeyote usiyemjua, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

Kibwana_wa_Shela
Na huyo mzima akikimbia kama wangu?

DaktariNyau
Ami, wako hakukimbia, alirudi kwao. Huyu mfungieni chumba kimoja, mchanga pembe hii, chakula pembe ile, na boksi la kujificha. Siku za mwanzo atakaa chini ya kitanda, mwacheni. Wiki mbili tatu ndipo mmzungushe nyumba nzima, na madirisha ya ghorofa ya tatu yawe na wavu. Jambo moja tu la kuharakisha: asipokula kabisa siku mbili, nipigieni. Paka hawezi kufunga, mafuta humjaa kwenye ini.

BintiTudor
Taarifa. Jana tulikwenda Nyali sote. Kadi ipo, kipimo kilikuwa safi. Mavyaa alikaa kitini na mkono wake kifuani, hataki kuguswa. Paka akamzunguka mara mbili akakaa juu ya kanga yake. Ameketi hapo robo saa, mavyaa akauliza huyu hula dagaa au papa.

Kipaka wa ngazini dada wa Nyali atamchukua pamoja na mamake akawafunge kizazi. Na kweli ni jike. FundiHamadi, matundu yalikuwa manne.

Daktari, jicho nilileteje? Nina gunia safi.

DaktariNyau
Gunia hapana, nakuomba. Boksi la katoni lenye matundu, taulo lenye harufu ya alikolala ndani, na kitambaa juu asione barabara. Njoo Jumanne asubuhi kabla mbwa hawajafika.