Vepu kazini na mahali pa watu wengi: kibao cha "Usivute sigara" kinatosha?

Mwana wa Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, hoja ni hii. Ofisi nyingi hapa Tanga zina kibao mlangoni: "Hairuhusiwi kuvuta sigara". Mwenye vepu, yaani sigara ya kielektroniki, anakisoma, anaingia, anakaa mezani kwake na kuvuta. Akiulizwa anajibu: sina moto, sina majivu, sina moshi. Kwa maandishi ya kile kibao, hajavunja kitu. Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya 2003, na Hon Lik wa China aliisajili sigara yake ya kielektroniki mwaka huohuo, kwa hiyo waliotunga sheria walikuwa wanaifikiria tumbaku inayowaka. Matokeo yake kila mwajiri na kila mwenye daladala anajitungia lake. Mimi nasema vepu ikatazwe ndani popote sigara inapokatazwa, basi. Asiyekubali alete hoja, matusi abaki nayo.

Fundi wa Makorora

Kaka, sikubali. Tuanze na kilichomo ndani ya kifaa. Betri ya lithiamu, koili ya waya, pamba inayonyonya, na juisi: propilini glaikoli, gliserini ya mimea, ladha, na mara nyingi nikotini. Ukivuta, koili inapanda hadi nyuzi joto 200 na ushei, juisi inakuwa mvuke, na mvuke ukikutana na hewa unageuka matone madogo sana. Ncha ya sigara ikivutwa inafika nyuzi 900. Tumbaku inaungua, na humo ndimo inamotoka lami na monoksidi ya kaboni. Vepu iliyo nzima haitoi lami, na monoksidi yake ni kidogo mno. Halafu sigara ukiiweka kwenye kisahani inaendelea kuwaka na kumvutisha jirani; vepu usipoivuta haitoi kitu. Matone yake hukauka ndani ya sekunde hadi dakika chache, wakati moshi wa sigara chumbani unakaa nusu saa na zaidi.

Mtu aliyeacha pakiti kwa siku akahamia vepu, ukimpeleka kibandani kwa wavuta sigara unamrudisha alikotoka.

Dada Mfamasia

Haina lami, sawa. Lakini hewa ya jirani haijawa yako kwa sababu hiyo. Matone hayo yamebeba nikotini, na kotinini, yaani mabaki ya nikotini mwilini, imepimwa kwa watu wasiovuta kabisa wanaoishi na wavuta vepu. Kiasi ni kidogo kuliko cha moshi wa sigara, nakubali. Ila mjamzito wa meza ya pili hakuomba hata hicho kidogo.

Hizo dakika chache za Fundi ni za chumba chenye hewa inayopita. Ofisi zetu zikoje? Madirisha yamefungwa ili baridi isitoke, na ukutani kuna eisi ya vipande viwili. Watu wanadhani ile inaleta hewa safi. Haileti. Inachukua hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha hiyohiyo. Kile kipande cha nje kinatupa joto tu. Chumba cha mita 4 kwa 4, wavutaji wawili, na pumzi yao inazunguka mpaka saa kumi jioni. Asiyeamini afungue kava la mbele la eisi atoe chujio. Vumbi la kawaida ukiligonga linapukutika. La chumba cha vepu limegandana na linanata kidoleni, kwa kuwa gliserini inavuta unyevu na mji wetu kwa unyevu haujambo. Hilo haligongwi, linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, likaushwe kivulini. Vioo vya kompyuta vinapata utando huohuo.

Kijana wa Mabawa

Marekani 2019 watu walikufa mapafu. Mnabishana nini?

Fundi wa Makorora

Kijana, hiyo isemwe yote. Hadi Februari 2020 waliolazwa walikuwa 2,807 na waliofariki 68, ni kweli. Kilichokamatwa hasa ni asetati ya vitamini E, mafuta mazito yaliyochanganywa kwenye juisi za bangi za mitaani. Si propilini glaikoli na nikotini ya kawaida. Fundisho lililopo hapo ni kutojaza kifaa kwa kitu chenye mafuta, wala kununua chupa isiyo na lebo.

Dada Mfamasia

Na chupa isiyo na lebo ndiyo inayouzwa kwa siri, Fundi, tusijidanganye. Ulaya waliweka mipaka tangu 2016: nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, tangi mililita 2, chupa mililita 10. Hata chupa hiyo halali ina miligramu 200 za nikotini, na mtoto akiigida huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Vile vifaa vya kutumia na kutupa vyenye mililita 10 za juisi ya miligramu 50 kwa mililita vina miligramu 500, tena vina rangi za peremende na harufu ya embe. Ikimwagika mkononi, osha kwa maji mengi na sabuni papo hapo. Nikotini inapita kwenye ngozi.

Afisa Usalama

Mnagombania mvuke, betri mmeiacha. Tanga ni mji wa bandari, matangi ya mafuta, saruji na mkonge, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Kwenye maeneo ya namna hiyo swali la jirani kunusa ni dogo.

Mvuke wa petroli unakubali cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na bila cheche unajiwasha wenyewe kwenye nyuzi 280 hivi. Koili yenye pamba kavu inapita hapo bila taabu. Vepu za kawaida hazijatengenezwa kwa maeneo ya mivuke inayolipuka, kama ilivyo kwa simu za kawaida. Kwa hiyo kituo cha mafuta, ghala la kemikali, na kiwanda cha mkonge ambako vumbi la nyuzi limetanda mpaka juu ya taa, kanuni si "usivute". Kanuni ni "usiingie nayo".

Kwa nini usiingie nayo hata mfukoni? Ziko za aina mbili. Zenye kitufe unazizima kwa kubonyeza mara tano haraka. Zisizo na kitufe zinawashwa na kihisio cha pumzi, na hicho juisi ikivuja au umande wa mvuke ukikilowesha, kinadhani mtu anavuta. Inajiwasha yenyewe, kifaa kinapata moto, plastiki inayeyuka mfukoni. Dawa yake ni kuchomoa kile kikopo cha juisi kabla ya kuiweka. Ya kutupa haina cha kuchomoa wala kuzima, hiyo iachwe getini. Na getini pawe na kabati lenye vyumba, kila mtu chake. Ukizirundika ndoo moja vitufe vinabonyezana, na betri za akiba zikigusana na funguo zinapiga shoti.

Kuchaji: juu ya sakafu ya saruji au vigae, kamwe si juu ya faili, na mtu awepo. Kuiacha usiku kucha ofisini, hapana.

Mwana wa Chumbageni

Mkuu, wanasema ni chaja za simu zenye kasi ndizo zinazolipua. Kweli?

Afisa Usalama

Siyo hivyo. Chaja ya kasi inatoa volti 5 mpaka kifaa kiombe zaidi, na vepu nyingi haziombi. Kosa liko kwenye kifaa cha bei poa kisicho na saketi ya kuikata betri ikifika volti 4.2, na kwenye betri iliyochanika ile ngozi yake ya plastiki. Sehemu kubwa ya kopo la betri ni upande hasi. Ngozi ikichanika karibu na ncha ya chanya, chuma chochote kinaunganisha viwili. Ngozi ya kubadilisha ni bei ndogo, na betri iliyovimba au kubonyea haina ukarabati.

Jua nalo. Betri nyingi za aina hii mwisho wake ni nyuzi 60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa Kange mchana inapita hapo. Kwenye basi ikae na mwenyewe, isiende kwenye buti. Ndege zilishakataza tangu 2015 kuiweka kwenye mizigo ya chini, kwa sababu ikiwaka huko hakuna wa kuiona mapema.

Ikiwaka: watu watoke upande unakotoka upepo, maana moshi wake una sumu kali. Maji mengi, yaendelee hata baada ya mwali kuisha. Mtungi wa unga unaua mwali tu, joto linabaki ndani na betri inawaka upya. Kisha ibaki nje kwenye ndoo ya chuma, mbali na ukuta.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Wanangu, na sisi wenye nyumba za wageni? Vile vidude vya kutambua moshi vinalia, wageni wanaamka wote, kumbe ni mtu na vepu yake.

Afisa Usalama

Shikamoo Bi Mkubwa. Aina nyingi zinatumia mwanga: matone yakiingia chumbani mwake yanautawanya, nacho hakijui kutofautisha tone na moshi. Juisi yenye gliserini nyingi ndiyo inayoliza zaidi. Wageni wakorofi wanakivisha mfuko wa nailoni, na wakishaondoka kinabaki bubu kwa mgeni anayefuata. Mfagiaji akiingia chumbani akiangalie kwanza kabla ya shuka, na abonyeze kitufe cha majaribio.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Marahaba. Basi nami nakataza ndani, na faini naandika kwenye daftari la mgeni.

Fundi wa Makorora

Mama, hapo kwenye vyumba vya kulala sina ubishi. Na kwenye petroli sina ubishi. Ubishi wangu ni wa kumpanga mvuta vepu pamoja na mvuta sigara. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019, wavutaji 886: baada ya mwaka, waliopewa vepu asilimia 18 walikuwa wameacha sigara, waliopewa vibandiko, bazoka na vinginevyo vya nikotini ni asilimia 9.9.

Dada Mfamasia

Malizia na sentensi yake ya pili. Kati ya hao wa vepu waliofaulu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta vepu mwaka ulipokwisha. Wa upande wa pili ni asilimia 9 tu waliobaki na dawa zao. Na wote walipata ushauri wa ana kwa ana kila wiki kwa wiki zisizopungua nne. Ofisi gani hapa inatoa huo?

Nikotini nusu yake inatoka mwilini kwa saa mbili hivi, kwa hiyo anayehitaji anahitaji pumziko moja asubuhi na moja mchana, si kuvuta juu ya kibodi kila dakika tano. Katikati atumie bazoka ya nikotini ya miligramu 2 au 4: tafuna polepole mpaka ukali utoke, iegemeze shavuni, ukali ukiisha tafuna tena, nusu saa imekwisha. Watu wa Tanga wanaiharibu kwa kahawa. Kahawa inaweka asidi mdomoni na nikotini haipiti. Kikombe kiishe robo saa kabla.

Mwana wa Chumbageni

Naandika rasimu. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, nayo ya 2003, imeshampa mwajiri wajibu wa kulinda afya za watu wake, hivyo hana haja ya kusubiri Dodoma:

"Hairuhusiwi kuvuta sigara, shisha wala vepu ndani ya jengo hili, vyooni na kwenye ngazi pia. Vepu hazichajiwi humu. Mahali pa kuvutia ni nyuma ya jengo, upande wa magharibi."

Fundi wa Makorora

"Mahali pa kuvutia", pamoja? Weka viwili, mita kumi baina yao. Nisipoona hilo siungi mkono.

Afisa Usalama

Viwili nakubali, benchi mbili hazigharimu kitu. Ongeza ndoo ya mchanga yenye mfuniko kwa vepu zilizokufa, ncha za betri zifungwe selotepu. Zikienda kwenye gari la taka zitasagwa na kuwaka. Uingereza wamepiga marufuku kuuza vya kutupa tangu Juni 1, 2025. Sisi Juni 1 tuliitumia 2019 kwa mifuko ya plastiki, tarehe tunayo tayari.

Dada Mfamasia

Magharibi ni sawa kaskazi ikivuma na kusi ikivuma, zote zinatoka baharini na kuupeleka moshi bara. Lakini saa moja asubuhi bado ni umande, upepo unatoka bara, na moshi wote unaingia madirisha ya nyuma. Ama benchi zifunguliwe saa tatu, ama madirisha hayo yafungwe mpaka hapo. Kiandikwe kipi?