MJADALA: Hela ya urithi ikishaezeka nyumba ya ndoa, wakiachana ni ya nani?

Wakuu, habari za jioni. Jumapili nilikaa kikao cha familia, dada yangu na mumewe wanaachana, na mpaka sasa kichwa kinaniuma. Tubishane kwa hoja, matusi hapana.

Mzee wetu alifariki akaacha nyumba Morogoro. Tukauza, tukagawana, dada akapata milioni 14. Wakati huo yeye na shemeji walikuwa na pagala Chanika, limeishia kwenye renta, mpapai umeota sebuleni. Hela yote ikaenda pale: mbao, bati, plasta, grili za madirisha. Kiwanja ni cha shemeji, alinunua kabla hajaoa. Kwenye kikao mjomba wake akasema, "Shukurani tunazo, lakini ile ilikuwa zawadi kwa mumeo." Baba yetu mdogo akajibu, "Hela ya marehemu irudi yote, haikuwa ya ndoa." (Baba mdogo huyuhuyu, mwanawe alipoachana na mkewe, alisema mikorosho ya ukoo mwanamke asiguse hata mche, na yule mama ndiye aliyeipalilia miaka tisa. Tuyaache.)

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Kijifungu cha 3 kinaongeza kwamba hata mali aliyokuja nayo mmoja, ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili, inaingia kwenye hesabu. Na tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango.

Msimamo wangu: hela ya urithi ikikaa peke yake ni ya mrithi, mwenza asiinyemelee. Ikishakuwa bati, tuhesabu bati. Dada asidai milioni 14 kama vile alimkopesha mtu. Adai sehemu yake kwenye nyumba kama ilivyo leo. Mnasemaje?

Kobe wa Tandika: Pole mkuu, ila hapo unafungua mlango mbaya. Urithi ni jasho la marehemu. Mimi baba aliniachia shamba Rungwe, enzi zake lilikuwa migomba, leo ni parachichi na wanunuzi wanapiga simu wenyewe. Nikiachana na mke wangu, kaka zangu waamke wamepakana na mume wake mpya? Cha ukoo kibaki kwa ukoo, iwe ardhi au hela.

Mama Kulwa: Kobe, mwenzako anaongelea hela wewe umekimbilia shambani. Na hapo ndipo tunapoumia. Mwanaume akirithi hupewa ardhi. Miaka 20 baadaye bado anakuonyesha mpaka. Sisi tunapewa fungu la pesa, tena nusu ya la kaka kama ni mirathi ya Kiislamu. Ardhi ya ukoo kimila tulikuwa hatuna ruhusa ya kuiuza, mpaka Holaria Pastory wa kule Kagera akauza shamba aliloachiwa na baba yake, akashitakiwa na ndugu, na Mahakama Kuu Mwanza ikampa haki mwaka 1990. Pesa yetu inaishia kwenye ada, kwenye saruji, kwenye dawa za mama mkwe. Siku ya talaka chenu kiko kwenye hati, chetu kiko kwenye masimulizi.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali uliyorithi kabla ya ndoa si mali ya ndoa. Shikeni hilo neno "kabla". Ukirithi ukiwa tayari umeoa, hapo mawakili wanakula. Lakini sheria hiyohiyo inampa haki aliyechangia kuiboresha, kwa kiasi cha mchango wake. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna nusu kwa nusu ya bure, lazima uthibitishe. Dada yako ana risiti?

Mleta mada: Hapo umenishika pabaya. Ana daftari la mtoto, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Kaandika kwa penseli: bati 62, misumari kilo 8, fundi laki nne na nusu, soda za mafundi. Risiti ya bati ina jina la shemeji, maana ndiye aliyekwenda na kirikuu kuzichukua. Ila benki inaonyesha dada alitoa milioni 9 siku hiyohiyo.

Kobe wa Tandika: Mkuu, kesho asubuhi akachukue taarifa ya benki yenye muhuri. Na yule fundi amtafute mapema kabla upande wa pili hawajamtafuta. Kwa nyumba hiyo nakubali, dada yako ana chake. Shamba langu la Rungwe sijabadilisha msimamo.

Mama Kulwa: Hiyo migomba ya marehemu nani aliing'oa?

Kobe wa Tandika: Mimi na mke wangu.

Mama Kulwa: Na parachichi nani anazipalilia wewe ukiwa Tandika?

Kobe wa Tandika: Mke wangu na vibarua. Vibarua nawalipa mimi.